Chungu kama shubiri, na bado nikaomba kikombe cha pili

Kwa Kiswahili, kitu kikiwa kichungu kupita kiasi tunasema ni chungu kama shubiri. Shubiri ni utomvu wa mshubiri, ule mmea wa majani manene yenye miiba pembeni ambao wengi mnaukuta umechorwa kwenye chupa za shampuu. Ni shubiri hiyohiyo ambayo akina mama walipaka kwenye chuchu ili mtoto aache kunyonya. Kwa hiyo nikikuambia kwamba leo nahakiki pombe iliyotiwa mizizi ya mshubiri, najua uso umeshakukunjamana. Vumilia kidogo, twende pamoja.

Pombe yenyewe inaitwa enaisho. Ni pombe ya asali ya Wamaasai, na neno hilohilo hutumika kwa asali yenyewe. Niliionja Soitsambu, tarafa ya Loliondo, wilaya ya Ngorongoro, mwezi Juni, masika yakiwa yameisha na asali mpya imeshatoka mizingani. Mimi ni mtoto wa Karatu. Kwetu pombe ni ya nafaka, inaitwa buura, na nimekua nikiiona inachemka kwenye pipa. Ya asali nilikuwa naisikia tu. Kusomea mikrobaolojia ya vyakula kumenipa kisingizio kizuri cha kwenda kuionja.

Msimamo wangu nauweka mezani mapema. Enaisho iliyotengenezwa vizuri ni moja ya pombe zenye akili kuliko zote nilizowahi kuonja. Wengi wetu tunaihukumu vibaya kwa sababu tunaipima kwa rula ya bia ya chupa. Na kuna kitu kinaiharibu kwelikweli, ila sio uchungu. Ni sukari.

Inatengenezwaje?

Kwa maneno ni rahisi. Unachukua asali, mara nyingi pamoja na masega yake, unaichanganya na maji ya uvuguvugu, unatia mizizi mikavu ya mshubiri ambao Wamaasai wanauita osuguroi, unaweka kwenye kibuyu karibu na moto, unasubiri. Baada ya siku kadhaa unachuja na kunywa. Hakuna kimea wala hamira ya dukani.

Ukiitazama kwa jicho la sayansi, sio rahisi hata kidogo. Asali karibu asilimia 80 ni sukari na maji ni kama asilimia 17 au 18 tu. Sukari imeyashika maji yote kiasi kwamba vijidudu havina cha kunywa, ndio maana asali inakaa miaka bila kuharibika. Ukiongeza maji unafungua mlango: hamira iliyokuwa imelala inaamka na kuanza kugeuza sukari kuwa pombe na hewa ya ukaa.

Tatizo la pili ni chakula. Hamira haiishi kwa sukari peke yake, inahitaji naitrojeni, na asali safi ina naitrojeni kidogo mno. Hapo ndipo masega yanapofanya kazi. Yule mzee aliyenikaribisha hakuchuja asali yake ikawa safi kama ya supamaketi. Aliacha chavua, aliacha na majana, yaani watoto wa nyuki. Mtu wa mjini angesema uchafu. Ukweli ni kwamba hiyo ndiyo protini ya hamira.

Na mizizi? Kwanza inaleta uchungu. Pili, mzee hakutumia mizizi mipya yote. Mingine ilikuwa imeshatumika, ikaanikwa, ikatunzwa. Kwenye mikwaruzo na vinyweleo vya mzizi mkavu hamira ya pombe iliyopita inabaki, na ukiitia kwenye asali mpya unakuwa umepanda mbegu. Jirani zetu Wakikuyu wanafanya hivyohivyo na tunda la mwegea kwenye pombe yao ya muratina. Waethiopia wanatia majani na vijiti vya gesho kwenye tej yao, nayo ni chungu. Watu watatu tofauti, mimea mitatu tofauti, na wote waliona kwamba asali inahitaji kitu kichungu cha kuisimamia.

Kwa nini namkumbuka Mwingereza

Hapa naomba nikuvushe bahari kidogo, halafu turudi. Nilipokaa miezi mitatu kwenye maabara huko Sheffield, Uingereza, wenzangu walinipeleka baa kunywa bia wanayoiita bitter, yaani "chungu" tu, basi. Haikutoka kwenye chupa wala haikusukumwa na gesi. Ilivutwa kwa pampu ya mkono kutoka kwenye pipa lililoko chumba cha chini. Haikuwa baridi ya friji, ilikuwa na ubaridi wa nyuzi 11 hadi 13 hivi, na povu lake lilikuwa jembamba. Nilinywa funda moja nikafikiri wamenipa bia iliyolala.

Wakanielewesha. Bia nyingi za kiwandani huchujwa, aghalabu hupitishwa kwenye joto la kuua vijidudu, kisha hutiwa gesi. Ile ya pipa iko hai. Hamira imo humo ndani, inaendelea kula sukari iliyobaki, na gesi pekee iliyomo ni ile iliyoitengeneza yenyewe. Pipa likishafunguliwa hewa inaingia, na una kama siku tatu za kuinywa ikiwa nzuri. Kila msimu una bia yake. Septemba hopsi zikivunwa kule Kent, wapishi wengine wa bia hutumia hopsi mbichi, na ukichelewa wiki chache umeikosa hadi mwakani. Mwaka 1971 wanywaji wenyewe waliunda chama kinachoitwa CAMRA kutetea bia hii, kwa sababu viwanda vikubwa vilikuwa vinaiua polepole na kuweka bia rahisi kusafirisha mahali pake.

Kilichonigusa ni namna walivyokuwa wanaihakiki. Hakuna aliyeuliza tu "bia gani nzuri". Waliuliza: pipa limefunguliwa lini? Nani analitunza? Walikuwa wanahukumu siku na mkono wa mtu. Lebo haikuwa na usemi mkubwa pale.

Sasa ningekuwa na akili ningekwenda na somo hilo Soitsambu. Sikwenda nalo.

Fomu yangu na aibu yangu

Nilikwenda na fomu. Ile ya kozi ya kuonja vyakula, ina vipengele: rangi, uwazi, povu, harufu, ladha, dosari. Nilipofika nilimsalimu mzee kwa kuinamisha kichwa akaniwekea mkono, tukakaa. Nikamweleza shida yangu. Akanitazama kwa muda. Kwa mila, enaisho ni kinywaji cha wazee. Morani hanywi, na mimi umri wangu ni wa morani kabisa. Akasema, "Wewe ni mgeni, na unakunywa kwa kazi. Kikombe kimoja."

Ilikuwa siku ya nne tangu pombe itiwe kibuyuni. Nikaonja, nikaandika. Ukungu mwingi: dosari. Vipande vya nta vinaelea: dosari. Utamu mkali unaofunika kila kitu: dosari. Harufu ya hamira mbichi kama unga wa maandazi: dosari. Mwisho nikajumlisha nikapata alama 11 kati ya 30.

Mzee akauliza, "Umeandika nini?"

Nikamsomea, kwa lugha ya upole kadiri nilivyoweza. Akacheka hadi akakohoa. "Kijana wa Karatu, umeonja mtoto mchanga, umeandika kwamba hana meno. Rudi keshokutwa."

Nilirudi. Na hiki ndicho nilichokikuta siku ya sita.

Rangi ni ya chai ya rangi iliyopoa, bado ina ukungu, ila ukungu mwembamba. Hamira nyingi imeshazama chini. Harufu ya kwanza ni asali, lakini sio asali ya kwenye mkate. Ni asali iliyokaribia kuungua, na nyuma yake kuna ndizi mbivu sana. Hiyo ndizi ni kazi ya hamira, inatokana na kemikali za jamii ya esta zinazotengenezwa wakati wa kuchachuka. Halafu kuna moshi, kidogo tu. Kibuyu kilikuwa kimesafishwa kwa kaa la oloirien, mzeituni pori, namna ileile wanavyosafisha vibuyu vya maziwa.

Mdomoni unaanza utamu, unakaa sekunde moja unaondoka. Unafuata ukakasi wa ukwaju. Kuna gesi kidogo inayochoma ncha ya ulimi, sio ile inayokufanya ucheue. Ukishameza, ukidhani mambo yameisha, ndipo uchungu unapokuja. Unakuja umechelewa, kama mgeni wa heshima. Ni mkavu, haukwaruzi, unakumbusha kwinini iliyoyeyushwa kwenye maji mengi. Unakaa, kisha unasafisha mdomo wote, na ghafla unatamani funda lingine. Uchungu ndio unaokurudisha kwenye kikombe. Bila huo, enaisho ingekuwa sharubati ya kulevya.

Niliomba kikombe cha pili. Mzee akasema, "Subiri mvi."

Siku ya nane nilipewa funda moja tu ili nielewe. Ukakasi ulikuwa umepanda, siki imeanza kunusa, na uchungu uliokuwa mzuri sasa ulikuwa umeachwa peke yake bila sukari ya kuushika mkono. Bado inanyweka, ila kilele kimepita. Kwa hiyo ukiniuliza enaisho ina ladha gani, nitakuuliza: siku ya ngapi?

Hii sio mimi tu. James Frazer, kwenye The Golden Bough, ametaja desturi ya Wamaasai ya zamani ambapo mwanamume mmoja na mwanamke mmoja walichaguliwa kutengeneza pombe ya asali, na walitakiwa kukaa bila kukutana kimwili siku 2 kabla na siku zote 6 za uchachukaji. Wakivunja mwiko, ilisemwa kwamba pombe haitanyweka na nyuki waliotengeneza ile asali watahama. Iamini au usiiamini habari ya nyuki kuhama, ila angalia ndani yake kuna nini: muda unaojulikana, na watu wawili wanaowajibika kwa ubora. Watu hawa walikuwa na udhibiti wa viwango kabla fomu yangu haijachapishwa.

Ulimi wako sio wangu

Turudi kwenye uchungu, maana hapa sayansi inamshushua mhakiki yeyote anayejiona anajua.

Labda ulifundishwa shuleni kwamba utamu unaonjwa kwenye ncha ya ulimi na uchungu nyuma. Ile ramani sio kweli. Sehemu zote za ulimi zenye vionjio zinaonja ladha zote. Kinachofanya uchungu ukawie na ung'ang'anie ni namna kemikali zake zinavyojishika kwenye vipokezi na kuchelewa kuachia. Binadamu ana aina kama 25 za vipokezi vya uchungu. Vya utamu ni vichache mno. Mantiki yake ni rahisi: sumu nyingi za mimea ni chungu, na babu zetu walihitaji kengele nyingi.

Sasa kuna kengele moja inaitwa TAS2R43. Mwaka 2007 Alexey Pronin na wenzake walionyesha kwamba watu wenye toleo fulani la jeni hiyo wanahisi uchungu wa aloini, kemikali kuu chungu ya utomvu wa mshubiri, kwa kiwango kidogo sana. Wenye toleo lingine wanahitaji nyingi zaidi ndipo wahisi. Yaani shubiri ileile, watu wawili wa nyumba moja, mmoja anatema na mwingine anashangaa kelele za nini.

Nikutahadharishe usichanganye. Aloini iko kwenye utomvu wa jani. Mzizi una kemikali zake, nyingi zikiwa za jamii ya anthrakwinoni, na ndio maana wenye ujuzi wanachimba mzizi na kuacha jani. Lakini somo linabaki lilelile: mhakiki anaposema "uchungu umezidi", anakuambia habari za pombe na habari za jeni zake kwa pamoja. Kwa hiyo mimi ninaposema uchungu wa siku ya sita ni mzuri, chukua kama ushahidi wa shahidi mmoja. Kinachonipa ujasiri ni kwamba wazee watano waliokuwepo, kila mmoja na ulimi wake, walikubaliana kuhusu siku.

Kuna jambo lingine kuhusu uchungu nataka kuliweka sawa. Mtanzania akisikia "Loliondo" na "mizizi" kwenye sentensi moja, anakumbuka mwaka 2011, kikombe cha Mchungaji Ambilikile Mwasapile kule Samunge, shilingi 500, foleni ya magari ya kilomita na kilomita. Mti ule ulikuwa mugariga, na hauhusiani na mshubiri. Ila mawazo yamebaki: kichungu cha Loliondo ni dawa. Nimesikia vijana wakiisifia enaisho hivyo, "inasafisha damu, kaka". Hapana. Tukiiita dawa tunaacha kuionja. Unameza huku umefumba macho ukisubiri kupona. Hii ni pombe, tuihakiki kama pombe, na tuiogope kama pombe.

Pua ilipofunguka

Nilisahau kitu kimoja kikubwa. Siku ile ya sita, kabla ya kunywa, mzee mmoja alijaza mdomo akatupulizia sisi vijana tuliokuwepo. Ni baraka, wazee wa Kimaasai hubariki hivyo kwa pombe ya asali au maziwa. Mimi nilifumba macho nikapigwa na manyunyu usoni.

Na pale ndipo niliponusa enaisho kuliko wakati wowote. Asali, ndizi, moshi, vyote kwa mpigo mmoja. Ukifikiria inaingia akilini. Funda moja likigeuka kuwa maelfu ya matone madogo, eneo la kugusana na hewa linaongezeka mara nyingi sana, na kemikali za harufu zinaruka kwa wingi. Waonja mvinyo wanazungusha glasi kwa sababu hiyohiyo, ila kwa kiwango cha chini mno. Fomu yangu haikuwa na kipengele cha "harufu wakati wa kubarikiwa". Sasa ninacho.

Ile ambayo nyuki hawakuiona

Wiki iliyofuata nilialikwa boma lingine, mbali kidogo. Kulikuwa na mazungumzo ya posa, na upande wa kijana ulileta pombe. Asali ina uzito wake kwenye posa ya Kimaasai. Ni neno unalolileta likiwa ndani ya kibuyu. Safari hii ililetwa kwenye dumu la plastiki, ikatajwa kuwa enaisho.

Nilipewa kidogo. Rangi safi, inang'aa kuliko ya mzee. Kwa fomu yangu ya zamani ingepata alama nyingi. Harufu: karibu hakuna, kisha kwa mbali yai lililochemshwa kupita kiasi. Mdomoni pombe kali inayochoma koo, haina mwili, haina ukakasi wa kuishika. Na uchungu upo, mizizi ilitiwa ya kutosha, lakini umekaa juu ya utupu kama paa lisilo na kuta.

Mama mwenye boma alionja, akaweka kikombe chini taratibu. Akasema kwa Kimaasai kitu ambacho jirani yangu alinitafsiria kwa sauti ya chini: "Hii nyuki hawajaiona."

Alikuwa sahihi, na kemia inamuunga mkono. Sukari ya dukani ni sukari tupu. Haina chavua, haina majana, haina naitrojeni. Hamira yenye njaa ya naitrojeni hutoa haidrojeni salfaidi, ile harufu ya yai. Pia haina zile kemikali ndogondogo za maua zinazoifanya asali ya migunga isifanane na asali ya msitu wa juu. Unapata ulevi bila habari ya mahali ulipotoka.

Maabara nayo ingemkamata mchakachuaji. Miwa hutengeneza sukari kwa njia inayoitwa C4, wakati miti na vichaka vingi vinavyotembelewa na nyuki hutumia njia ya C3. Njia hizo mbili huacha uwiano tofauti wa kaboni-13, na kipimo hicho ndicho kinachotumika duniani kukamata asali iliyochanganywa na sukari ya miwa. Mashine yake ni ya mamilioni. Yule mama alitumia ulimi na sekunde tatu.

Najua utasema nini. Asali ina msimu, ukame ukija maua yanakosekana na nyuki wanahama, wakati sukari ipo Wasso mwaka mzima. Kijana wa watu hakuwa na asali, ulitaka afanyeje? Nakubali, na simcheki. Pombe ya sukari na mizizi inaweza kuwepo kwa jina lake, na pengine mtu mwenye ufundi ataitengeneza vizuri siku moja. Kinachoniuma ni jina. Tukikubali kuiita enaisho, baada ya miaka ishirini kutakuwa na watu wazima wanaoamini kwamba enaisho ni kitu kikali kinachonuka yai, na watakuwa na haki ya kuidharau. Hakutakuwa na mama wa kusema nyuki hawajaiona, kwa sababu hakuna atakayejua iliyoonwa na nyuki ikoje. Wale Waingereza wa 1971 waliligundua hilo bia yao ikiwa imebaki kidogo tu.

Mwaka 2018 UNESCO iliziorodhesha sherehe tatu za Wamaasai wa Kenya, Enkipaata, Eunoto na Olng'esherr, kama urithi unaohitaji kulindwa haraka. Jambo jema. Lakini sherehe inaweza kulindwa huku kilichomo kibuyuni kikibadilishwa kimyakimya.

Kabla hujachimba mshubiri wa jirani

Tahadhari, na hapa siko kwenye utani.

Moja: kiasi. Chukua mfano wa kilo moja ya asali kwa lita nne za maji. Hapo una gramu 800 za sukari kwenye karibu lita 4.7, sawa na gramu 170 kwa lita. Kwa kawaida gramu 17 kwa lita zinaweza kutoa asilimia moja ya pombe. Kwa hiyo hamira ikimaliza kazi unaweza kufika asilimia 10. Bitter ya kawaida ya Uingereza ni kama asilimia 4. "Kikombe kimoja" cha mzee hakikuwa ubahili. Na Shirika la Afya Duniani lilishasema mwaka 2023 kwamba hakuna kiwango cha pombe kisicho na madhara kwa afya. Haibadiliki kwa sababu pombe ni ya asili.

Mbili: usijaribu nyumbani na mshubiri wowote utakaouona. Aina ni nyingi, utomvu wa jani unaharisha vibaya, na mjamzito asiguse kabisa.

Tatu: mmea wenyewe. Mishubiri yote, isipokuwa aloe vera ya kulimwa, imo kwenye orodha za mkataba wa CITES zinazodhibiti biashara ya kuvuka mipaka, na kutoka Soitsambu hadi Kenya ni karibu. Mzee alichimba upande mmoja tu wa shina, akakata mizizi michache, akarudishia udongo akaukanyaga. Nilipomuuliza kwa nini asing'oe wote amalize, alinitazama kama nimeuliza kwa nini asichinje ng'ombe wa maziwa.

Hukumu

Enaisho ya Soitsambu, asali ya Juni, siku ya sita: nzuri sana. Uwiano wa utamu, ukakasi na uchungu uko sawa, harufu ni pana, na ina mwisho mrefu unaosafisha mdomo. Udhaifu wake ni kwamba kilele chake ni kifupi, siku mbili labda, na haiwezi kusafiri. Ukiifunga kwenye chupa ukaipeleka Arusha, itakayofika sio hiyo. Mimi naiona hiyo kama gharama ya kuwa hai.

Ile ya dumu: sio mbaya kwa sababu ni ya kienyeji. Ni mbaya kwa sababu haina msimu wala mahali.

Fomu yangu nimeiandika upya. Vipengele vya uwazi na povu nimevitoa. Sasa ina maswali matatu juu kabisa, na nakushauri uyatumie popote utakapopewa pombe ya asali, iwe Loliondo, Murang'a au Addis Ababa. Ni siku ya ngapi? Mzizi, tunda au jani lake limetunzwa na nani? Na nyuki wameiona?